Lakiri Iliyokatwa kwa Mkasi

Katika kila mji ninaofika, mtu wa kwanza kunigusa kichwa ni kinyozi, na wa kwanza kunipa habari za mji ni huyo huyo. Nimesikia serikali zikiangushwa na ndoa zikivunjwa huku nimefungwa kitambaa shingoni, tena kwa lugha ambazo nyingine nilizielewa nusunusu. Kwa hiyo nilipoketi kwa kinyozi huyu, mtu wa makamo mwenye vidole laini na shati lililopigwa pasi mpaka kwenye kola, nikamuuliza kama ninavyouliza kote, "Mji una nini?"

"Sijui, bwana," akasema, akaendelea kukata.

Nikajaribu bei za vitu, nikajaribu mvua, nikajaribu mpira. "Husemwa mengi," akajibu. Mkasi wake ulikuwa na pengo kwenye ubapa mmoja, ukawa unaning'ang'ania nywele kila unapopita, naye anasema samahani kwa sauti ya chini. Kilichonishangaza zaidi ni macho yake. Kinyozi huzungumza na mteja kupitia kioo. Huyu hakukitazama kioo hata kidogo.

Kwenye benchi alikaa muuza nyama wa jirani akisubiri zamu yake. Akacheka. "Umechelewa, mgeni. Hapa palikuwa Bunge. Na huyo aliyekushika kichwa alikuwa Spika."

Kinyozi hakucheka, wala hakukasirika. Alipuliza nywele kwenye mkasi. "Mwambie," akasema. "Lakini usinipendelee."

Niliyoambiwa pale, mengi na muuza nyama na mengine na kinyozi mwenyewe, pamoja na niliyoyapata baadaye kwa shemeji yake, ndiyo haya.

Kibanda kile kilikuwa na viti viwili vya kunyolea, vizito, vimefungwa sakafuni kwa nati. Redio ilikaa juu ya kabati. Kila asubuhi kinyozi alisoma gazeti kwa sauti, kisha akafungua mjadala. Aliyetaka kusema aliomba nafasi. Aliyepiga kelele aligongewa kitana kwenye mkono wa kiti. "Utulivu! Mheshimiwa wa Bucha ana hoja." Jina la Spika lilimganda, naye alilipenda. Alijua sheria zote, kwa maana kwamba hakuna aliyewahi kwenda kuhakikisha.

Nyuma ya kibanda, ng'ambo ya ua, aliishi shemeji yake, mjane wa kaka yake mkubwa. Mama huyu alipika mafuta ya nywele. Mumewe alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na kabla hajafa alimwachia tangi kubwa lenye koki chini, alilolichomelea kwa mikono yake. Tangi lile ndilo lililosomesha watoto. Ndani yake yalikaa mafuta matupu, yasiyo na harufu yoyote ila ya mafuta. Akina mama walikuja na chupa zao wakachotewa, ya kupaka watoto. Sehemu ndogo tu aliitoa kwenye jagi, akaitia manukato matone kwa matone, akaijaza kwenye vichupa vyenye lebo ya ua jekundu. Vichupa hivyo ndivyo vilivyopangwa dirishani kwa Spika.

Sheria ya ushuru wa bidhaa, wakati huo, ilitoza vipodozi vyenye manukato. Maafisa walipokuja, waliona vichupa dirishani, wakaona tangi uani, wakahesabu tangi zima. Na si la mwaka ule tu. Walirudi nyuma miaka kadhaa. Hati ya madai ilipofika, shemeji aliisoma akiwa amesimama, akatafuta pa kukaa.

Aliandika pingamizi. Ndipo alipokuja afisa mmoja, binti mdogo mwenye viatu vya chini na mkoba mkubwa kuliko yeye. Alizungusha waya kwenye koki ya tangi, akaubana kwa kidonge cha madini ya risasi chenye mhuri. "Hii ni lakiri, mama," akasema. "Asiiguse mtu. Siku ya kusikilizwa pingamizi lako utakuja ofisini asubuhi, tutarudi wote hapa, tutaifungua pamoja na tutanusa pamoja. Kama mafuta yaliyomo ni matupu kama unavyosema, hesabu yote itabadilika."

Shemeji alivuka ua akamweleza Spika neno kwa neno. Spika alikuwa na kichwa cha mtu mkononi na hoja ya mtu mdomoni. "Ndiyo, ndiyo," akasema. Alichosikia ni kwamba tangi limefungwa.

"Utanisindikiza?" shemeji akauliza. "Mimi mbele ya wale watu ulimi utanikauka. Wewe unajua kusema."

"Shemeji! Hilo la kuuliza? Nitawapangia hoja mpaka wenyewe waombe maji."

Bunge likapiga makofi.

Hapa kuna jambo ambalo hakuna aliyelijua. Miaka michache nyuma Spika alikwenda ofisi ile ile kwa ajili ya leseni ya kibanda. Alikwenda na hoja zake zimepangwa. Alipofika kwenye dirisha la kioo lenye tundu la kusemea, na mtu wa upande wa pili akamwambia "Sema," maneno yote yakamtoroka. Akabaki kuitikia. Ndiyo, bosi. Ndiyo, bosi. Aliulizwa kama ana swali lolote, akajibu, "Ndiyo, bosi," akageuka akaondoka, na nyuma yake akasikia watu wakicheka. Aliporudi kibandani alisimulia jinsi alivyowaweka sawa. Tangu siku hiyo, kila alipopita mtaa ule, alivukia upande wa pili wa barabara.

Kadiri siku ya pingamizi ilivyokaribia, chakula kilimshinda.

Wiki ile ile kulitokea mchezo mdogo kati yake na muuza nyama. Spika alikuwa akiwatia watu rangi ya nywele, lakini rangi ilianza kumwasha vidole, akaacha. Akatangaza: kuanzia leo, hapa hakuna tena rangi. Muuza nyama, ambaye kichwa chake cheusi ti kilikuwa hakijalipiwa, akainua mkono.

"Mheshimiwa Spika, huduma imekufa. Naomba Bunge lithibitishe kwamba na deni langu limezikwa nayo."

"Mheshimiwa, rangi ilikupata kichwani kabla sijaacha," Spika akasema, akimwonyesha kwa kitana. "Nimeacha kuwatia watakaokuja. Wewe ulishatiwa. Lipa."

Watu walicheka mpaka benchi likalia. Muuza nyama akalipa.

Halafu ikaja habari yenyewe. Ilikuwa mchana, kibanda kimejaa, na kesho yake ndiyo siku ya shemeji kwenda ofisini. Redio ikasema sheria ya ushuru wa vipodozi imefutwa kuanzia siku ile. Msomaji alisema hayo tu, akahamia habari nyingine. Spika hakungoja. Aligonga kitana kwenye kiti mpaka jino moja likaruka.

"Mmesikia? Imefutwa! Kilichofutwa kimefutwa! Mmoja akamwite shemeji!"

Hakuna aliyehitaji kumwita. Kelele zilimleta mwenyewe mlangoni, gauni lake la kesho mkononi, alikuwa akilipiga pasi.

"Imefutwa?" akasema. "Na kesho je? Si bado niende?"

"Uende kufanya nini? Kupinga kitu ambacho hakipo?"

"Lakini yule binti alisema..."

"Shemeji, yule binti kesho anatafuta kazi nyingine."

Bunge zima liliangua kicheko. Shemeji naye alitabasamu, kwa adabu, kama mtu anayetabasamia mzaha ambao haujamfikia. Alimtazama Spika kwenye kioo. "Una hakika?"

Spika alikuwa na hakika ya kitu kimoja: kwamba kesho hatasimama mbele ya dirisha lile. Raha ya hilo ndiyo iliyomjibia. "Kama nilivyo na hakika kwamba hiki ni kitana," akasema.

Kisha akafanya la ziada, maana mtu aliyetoka kwenye hofu hutaka kuonekana shujaa. Akatoka nje na mkasi wake mzuri, ule wa chuma cha kigeni alioachiwa na kinyozi aliyemfunza kazi, Bunge zima likimfuata uani. Akaushika waya wa lakiri. "Kwa mamlaka niliyopewa na wateja wangu!" akasema, akabana. Waya ulikuwa mgumu. Mkasi ukalia, ubapa mmoja ukamenyeka, lakini waya ukakatika. Akafungua koki.

Mafuta yakatoka. Watu walikinga chupa, vikombe, viganja. Muuza nyama alijimwagia utosini, akajisugua, akanusa mikono.

"Mheshimiwa Spika, mbona mafuta yenyewe hayanukii? Yananuka tangi tu!"

"Ni matupu hayo," shemeji akasema. "Hayajatiwa kitu." Sauti yake haikufika mbali. Alikuwa kando, ameinama akiokota kile kidonge cha risasi kutoka kwenye tope la mafuta. Alikipangusa, akakifunga kwenye pindo la nguo yake.

Tangi lilipobaki likitoa matone, watu walirudi makazini wakiwa wanang'aa.

Yule binti alikuja baada ya siku kadhaa, na wanaume wawili na gari. Safari hii alibeba hati mbili. Ya kwanza ilisema kwamba pingamizi limetupwa kwa sababu mwenye pingamizi hakufika, kwa hiyo madai yanasimama yote, na tangi litachukuliwa lisipolipwa. Ya pili ilihusu lakiri.

Spika alitoka kibandani na kitana mkononi. Sauti ya Bunge ilikuwa bado kooni mwake. "Binti, kwenu hakuna redio? Sheria imefutwa."

"Imefutwa, mzee," akasema, bila kejeli. Ilionekana amelieleza jambo hili nyumba nyingi wiki ile. "Imefutwa kuanzia siku ile kwenda mbele. Mafuta yaliyouzwa kabla ya hapo, ushuru wake ulishakuwa deni. Sheria iliyofuta ile ya zamani imesema yenyewe, mwishoni kabisa: ushuru uliokwisha kuiva unadaiwa, na mashauri yaliyokwisha kuanza yanaendelea, kama vile sheria ya zamani ingalipo. Bunge limefuta ushuru wa kesho. Wa jana halikuugusa."

Spika alifungua mdomo. Nyuma yake, getini, muuza nyama akasema polepole, kama mtu anayekumbuka kitu, "Kumbe kama rangi yangu."

Hakusema kwa dhihaka. Ingekuwa dhihaka, Spika angepata pa kujibu. Alisimama na kitana chake chenye pengo la jino, damu ikimpanda masikioni. Sheria ile aliijua. Aliitoa mwenyewe, kibandani mwake, wiki ile ile, kwa kinywa chake. Alikuwa ameijua ilipokuwa pesa yake.

Binti alikuwa amekwenda kwenye tangi. Aliinama akaitazama koki, akagusa chini, akanusa kidole. Hakukuwa na kitu ila vumbi lililoshikamana. "Nilikusubiri siku ile, mama," akasema. "Nilikuwa tayari na chupa za sampuli mkobani. Nikakaa mpaka wakaniambia nifunge jalada. Hii lakiri haikuwa adui yako. Mafuta yaliyokuwa ndani ndiyo yaliyokuwa shahidi wako."

"Najua," shemeji akasema.

Alisema neno hilo moja, wala hakumtazama Spika. Angemtazama, hata kwa hasira, ingekuwa nafuu. Alikuwa anaangalia mishono ya tangi, pale mumewe alipochomelea, akipitisha kidole juu yake.

Wale wanaume hawakulichukua tangi siku ile. Binti alisema kuna njia moja imebaki: mtu aliyekosa kufika kwa sababu ya maana anaweza kuomba jalada lifunguliwe, ila aje mwenyewe, aseme sababu, na asikawie.

Siku zilizofuata Spika aliishi vibaya. Kibandani watu waliuliza, naye alijibu, "Watu walimshauri vibaya, maskini." Walipouliza nani alikata waya, alisema, "Vijana tu, unawajua vijana." Muuza nyama alikuwa hapo kwenye benchi. Alimsikia, akamtazama kwenye kioo, akanyamaza. Kunyamaza kwake kulimfanya Spika ahamishe macho kutoka kwenye kioo, na ndipo mazoea yale yalipoanza. Jioni alivuka ua akiwa ameandaa la kumwambia shemeji; akafika mlangoni, akasikia vyombo vinaoshwa ndani, akarudi. Sahani ya chakula aliyopelekewa kila siku tangu kaka yake alipofariki iliendelea kuja, imefunikwa vizuri kama kawaida. Hiyo sahani ilimchoma kuliko tusi. Siku nyingine alimpa paka.

Asubuhi moja muuza nyama alikuwa kitini, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu bado, shemeji alipoingia. Alikuwa amevaa lile gauni. Alimsalimu Spika, akampita, akasimama mbele ya kiti.

"Kaka wa bucha," akasema, "nina safari ya kule ofisini leo. Naomba unisindikize. Sipendi kwenda peke yangu."

Mkasi ulisimama hewani. Muuza nyama alijitazama kwenye kioo, upande mmoja upara, upande wa pili kichaka. "Sasa hivi, dada?"

"Foleni inaanza mapema."

"Basi twende." Akaanza kujifungua kitambaa shingoni.

Hapo Spika aliweka mkasi chini. Hakutoa hotuba. Alivua aproni, akaitundika, akasema, "Nami nakuja," kwa sauti ndogo hivi kwamba muuza nyama aliuliza, "Eti?"

Wakaenda watatu. Njia nzima watu walimcheka muuza nyama kwa kichwa chake, naye akawajibu, "Ndiyo mtindo wa mwaka huu, nyinyi wa nyuma hamjui!" Spika alitembea nyuma yao. Alimshukuru moyoni kwa kuwavuta watu macho.

Ofisi ilikuwa ile ile: mabenchi marefu, feni kubwa inayopiga kelele, dirisha lenye tundu. Zamu yao ilipofika, yule binti ndiye aliyekuwa upande wa pili. Alitoa jalada, akachukua kalamu. "Mama, sababu ya kutofika?"

Shemeji alikunja na kukunjua mkono wa mkoba wake.

"Kulikuwa na mambo," Spika akaingilia. "Mtaani watu walikuwa wanasema kwamba..."

"Watu si sababu, mzee. Mtu gani?"

Feni ikazunguka. Shemeji akasogea kwenye tundu. "Andika nilikuwa naumwa," akasema.

"Una cheti cha hospitali, mama?"

"Sina."

Spika alimgeukia. Mwanamke huyu hakuwahi kusema uongo hata wa bei sokoni. Na sasa alikuwa ameukubali, mbele ya serikali, ili kumsitiri yeye. Aliona aibu yake yote ikihamishiwa kichwani kwa mwingine, kama mzigo unaobadilishwa bega.

"Ni mimi," akasema.

"Sauti, mzee. Feni."

"Ni mimi! Mimi ndiye niliyemwambia asije!"

Mabenchi yakageuka. Binti akaandika, akiuliza, naye akijibu. Alipomaliza akasema, "Ni utaratibu, lazima nikusomee." Akasoma kwa nguvu ili kuishinda feni. "'Mimi ni kinyozi. Nilimwambia shemeji yangu asifike ofisini kwa kuwa sheria imefutwa. Sheria yenyewe sikuisoma. Nilisikia redioni.' Ni kweli?"

"Kweli."

"'Mafuta yaliyokuwa kwenye tangi niliyafungulia mimi, baada ya kukata lakiri kwa mkasi wangu.' Ni kweli?"

Kwenye benchi la nyuma mtu aliguna, mwingine akasema, "Loo, mkasi!" Kicheko kikapita, kile kile alichokisikia mgongoni miaka ile.

"Kweli," akasema.

"Una la kuongeza?"

Lilikuwa swali lile lile. Ulimi ulitaka kusema ndiyo, bosi, na kugeuka. Alishika ukingo wa dirisha. "Ndiyo," akasema. "Andika kwamba nilikuwa naogopa kuja hapa. Nilimwahidi kumsindikiza, na nilikuwa naogopa. Habari ile iliponipa njia ya kutokuja, sikutaka kujua kama ni ya kweli."

Kalamu ikasimama. "Hilo halihitajiki kwenye fomu, mzee."

"Liandike tu, binti yangu."

Akaliandika. Shemeji alikuwa anamtazama sasa, kwa mara ya kwanza tangu siku ya tangi, na Spika ndiye aliyeshindwa kuinua macho.

Muuza nyama naye akaitwa dirishani. "Mafuta yale nilijipaka mimi," akasema, "na nilisema kwa sauti kwamba hayanukii, mtaa mzima ulinisikia. Nilikuwa najisifu kupata vya bure. Sikujua natoa ushahidi." Akainamisha kichwa chake cha nusu kwa nusu mbele ya kioo. "Nusa mwenyewe kama unabisha." Hapo hata binti alishindwa, akacheka akiwa amefunika mdomo.

Jalada lilifunguliwa. Mafuta ya tangi lile yalitolewa kwenye hesabu kwa maneno ya muuza nyama na majirani wengine waliokuja kusema, mmoja mmoja, wakiona haya, kwamba nao walikinga chupa. Lakini kwa miaka ya nyuma, maneno ya majirani hayakutosha bila mafuta yenyewe. Kama tone moja la mafuta yale lingenuswa chini ya lakiri nzima, pengine hesabu yote ingeanguka. Sasa ilibaki sehemu kubwa, ilipwe kila mwezi kidogo kidogo. Faini ya lakiri ilikuwa ya Spika. Aliuza kiti kimoja. Matundu manne ya nati bado yapo sakafuni. Mimi mwenyewe nilijikwaa kwenye moja nilipoingia.

Walipokuwa wanarudi siku ile ya ofisini, muuza nyama akiwa mbele akibishana na watu juu ya kichwa chake, shemeji alisema bila kupunguza mwendo, "Shemeji, ungeniambia tu kwamba unaogopa. Mbona mimi nilikuambia."

Kinyozi aliponisimulia hapo, mkasi wake uliganda juu ya sikio langu. "Jibu bado sina," akasema.

Alinipangusa shingo, nikalipa. Muuza nyama alisogea kuchukua kiti, lakini kinyozi alikuwa ameshavua aproni.

"Zamu yangu je?"

"Ni siku ya malipo, mheshimiwa. Nikirudi."

"Bunge haliishi kuahirishwa," muuza nyama akalalamika, akajinyoosha kwenye benchi kulinda kibanda.

Shemeji alikuwa amesimama nje, mtu wa umbo dogo, amevaa vizuri, mkoba kifuani. Katika pindo la nguo yake kulikuwa na fundo gumu. Sikuuliza ni nini. "Twende, shemeji," akasema. Njia yangu ilikuwa hiyo hiyo, nikafuatana nao, na kwa kuwa nje jua lilikuwa kali niliingia nao mpaka ndani.

Foleni ilikuwa ndefu. Shemeji aliketi, yeye akasimama kwenye mstari kwa niaba yake, mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyeitwa mbele ya darasa. Alipofika kwenye tundu, karani wa malipo, kijana ambaye hakuwa akimfahamu, aliuliza bila kuinua uso, "Ushuru gani?"

"Wa vipodozi vya manukato."

Karani akainua uso. Nyuma yetu mtu mnene mwenye karatasi ya madai mkononi akaguna. "Wa vipodozi? Mzee, huo si ulifutwa? Shemeji yangu ana hati ya hivyo hivyo, nimemwambia aitupe jalalani!"

Watu wawili watatu walicheka. Niliona masikio ya kinyozi yakibadilika rangi. Kwa muda nilidhani atalipa na kuondoka. Lakini akageuka, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, akamtazama mtu usoni.

"Ulifutwa," akasema. "Huu wetu ni wa kabla." Halafu, kwa sauti ambayo feni haikuifunika, "Rudi nyumbani sasa hivi, ndugu yangu. Mwambie akaiokote."